Kipimo cha Marudio

1

Bupe alipuliza filimbi mara tatu kama sheria inavyotaka, na mara zote tatu ikatoa sauti moja tu, ile ya chini. Mwezi uliopita alikuwa ametoa sauti mbili na ya tatu ikigusagusa, akacheka, akaomba aachiwe apulize tena kwa raha zake. Safari hii hakuomba. Alinirudishia filimbi ikiwa na mate, akashika ukingo wa meza, akakohoa mpaka mabega yakatetemeka. Kisanduku cha kupimia pumzi kikasoma namba kwa ile sauti yake isiyo na haya: hamsini na saba. Mwezi uliopita kilikuwa kimesoma sabini na nne.

Mama yake, Subilaga, alikuwa amesimama mlangoni. Nilimtazama nikitegemea kuona mtu aliyeshtuka. Nikaona mtu aliyeshusha pumzi, akajifuta jasho na ncha ya khanga, akaniuliza kwa upole kama tumemaliza.

Mimi ni mpimaji wa mapafu wa Kata ya Isangala, mwaka wa sita sasa, na kama kuna kitu ninachojivunia ni pua yangu. Hapa bondeni pua za watu wengi zilishakufa. Nilipoinama kumfuta Bupe mdomo nilisikia harufu ya majani ya mlingoti kwenye nywele zake, na chini ya hiyo nikasikia magunzi ya mahindi, yaliyochomwa yakiwa hayajakauka. Moto wowote ni marufuku Isangala tangu mimi nikiwa msichana. Tunapikia umeme, na hata kwenye msiba wanaume wanakaa kuzunguka taa. Harufu ya magunzi haiingii kwenye nywele za mtoto kwa bahati mbaya.

Nilijua, nikanyamaza. Nilibonyeza kitufe cha kupokea, namba ikaenda zake Kitulo, na Subilaga akamfunga mwanawe puani kitambaa cha mkaa cha kuchujia hewa wakaondoka. Hilo lilikuwa kosa langu la pili. La kwanza nilikuwa nimelifanya wiki tano kabla, nikiwa nimekaa kwenye kigoda nasukwa nywele.

Nilitoka kibarazani kuangalia kama kuna mtu mwingine kwenye foleni. Ilikuwa saa nne asubuhi na taa za barabarani zilikuwa bado zinawaka. Mlima Loleza sikuuona, na hilo halikunishangaza, maana sikuwa nimeuona tangu mwezi wa sita. Jiji letu limekaa kwenye bakuli. Kipupwe kikiingia, baridi inateremka kutoka milimani inalala chini, hewa ya vuguvugu inabaki juu yake, na ikishakaa hivyo hakuna kinachopanda. Tunaiita kifuniko. Wazee wanasema zamani kilikuwa kinavunjika jua likishapanda kidogo. Tangu tanuri za madini ya betri zianze kazi ng'ambo ya reli, moshi wenyewe unalizuia jua lisiipashe ardhi joto, kwa hiyo kifuniko kinakaa wiki saba, nane, na kila siku kinaongezewa kilicho chini yake. Vumbi la tanuri lililo kubwa linanasa puani. Lile dogo, laini kupita unga wa muhogo, linapita mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya pafu, na pafu la mtoto linaota kovu kulizunguka.

Kitulo iko juu ya kifuniko. Huko kuna mabweni, shule, na anga ambayo binti yangu Tusa anasema ni ya buluu, ingawa mimi namwambia anatia chumvi. Mtoto mwenye namba chini ya sitini ana haki ya kupandishwa, kama kitanda kipo. Kwa lori la Alhamisi hiyo Isangala ilikuwa imebakiziwa kitanda kimoja, na kilikuwa kinamsubiri Ipyana, mtoto wa Asukile fundi baiskeli, ambaye mwaka mzima alikuwa anashuka ngazi kwa ngazi: sitini na nane, sitini na tano, sitini na mbili, hamsini na tisa. Sheria ni kwamba mwenye namba ndogo ndiye anayekwenda. Bupe alikuwa amempita kwa alama mbili.

2

Saa kumi jioni nilibisha kwa Subilaga. Tunapakana ukuta, kwa hiyo hakushangaa kuniona, alinisogezea stuli na kunimiminia chai ya rangi. Bupe alikuwa amelala kwenye chumba cha kupumulia, mashine ya hewa ikiunguruma. Kila nyumba imegawiwa saa nne za mashine kwa siku.

Sikuzunguka. Nilimwambia, "Mama Bupe, mtoto umemfukiza."

"Nani asiyefukiza mtoto kwa mafua haya?"

Na hapo alikuwa na haki. Sote tumelelewa hivyo: sufuria ya maji ya moto, majani ya mlingoti, blanketi juu ya kichwa mpaka jasho likutoke na kifua kifunguke. Mimi mwenyewe nilimfukiza Tusa. Nikamwambia mvuke haunuki magunzi, na kwamba kama angependa nilifunue lile blanketi la kijivu lililokunjwa nyuma ya mlango tulinuse wote wawili, niko tayari. Aliweka birika chini.

"Wiki mbili," akasema. "Kila siku kidogo. Nilikuwa naingia naye humo ndani, Mama Tusa, usidhani nilikuwa namwacha peke yake."

Hapo ndipo nilipomwona vizuri kwa mara ya kwanza siku hiyo. Macho yalikuwa mekundu na sauti imekwaruza. Nikamuuliza ni shetani gani aliyempa wazo hilo, na nilikuwa nimekasirika kweli, nilitaka jina nimpelekee mtu huyo maneno yake. Aliniangalia kama anayedhani namchezea.

"Si wewe uliyesema? Kwa Mama Zawadi, tunasukwa. Tulikuuliza mtoto wa Rehema amepataje nafasi Kitulo, ukasema, anayetaka Kitulo akae jikoni akapulize magunzi. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Halafu nikarudi hapa nikawaza, huyu ni mtu wa ofisi, hawezi kusema wazi. Ametupa njia."

Nilikumbuka. Nilikuwa na nusu ya kichwa iliyosukwa, nimechoka na maswali ya watu ambao hata Jumamosi hawakuachi upumzike, na mtoto wa Rehema kweli alikuwa amekulia kijijini kwa bibi yake kwenye jiko la moshi. Nilisema vile ili wanyamaze. Mdomo wangu umekuwa hivyo tangu utoto. Marehemu mama alikuwa akisema utaniponza, na sikuona ukiniponza, nikadhani alikosea.

"Nilikuwa natania," nikamwambia.

"Watu wa ofisi wote wanatania. Yule wa maji si alitania kwamba bomba letu lina kiu, tukajua tumpelekee kuku? Ndivyo mnavyosema nasi." Akaongeza kwa sauti ya chini, bila chuki yoyote, "Na Tusa wako yuko juu. Tukasema, naye ndivyo alivyofanya."

Tusa alipanda miaka miwili iliyopita akiwa na arobaini na nane, na sikuwahi kumchomea hata jani moja. Nilifungua mdomo niseme hivyo, nikaona jinsi nitakavyosikika. Nilimuuliza tu, "Nani na nani walisema?"

Subilaga alijaza kikombe changu ambacho kilikuwa bado kimejaa, chai ikamwagikia kwenye sahani. Akasema haikuwa yeye peke yake, lakini majina hatayataja, nikamtafute mwingine wa kuyataja.

3

Sikuhitaji majina. Kisanduku kinatunza kila pumzi iliyowahi kupita kwenye filimbi, na Jumanne asubuhi, kabla kituo hakijafunguliwa, nilikaa nikazipekua. Mtoto wa Isangala kwa kawaida hupoteza alama mbili, tatu kwa mwezi wakati wa kifuniko. Tangu ile Jumamosi ya kusukwa, watoto kumi na wawili walikuwa wameporomoka zaidi ya kumi kutoka kipimo kimoja hadi kingine. Wanne walikuwa Kitulo tayari. Sita walikuwa wameharibika lakini hawajafika chini ya sitini, maana yake mama zao wangerudia. Mmoja alikuwa Bupe. Na mmoja alikuwa Ezekia, wa nyuma ya soko, miaka mitano, ambaye karatasi yake ya kifo niliijaza mimi mwenyewe: nimonia. Nilikwenda msibani nikakaa kwenye mkeka na mama yake, na yule mama alinishika mkono siku nzima hakuuachia. Wakati ule nilidhani ananishukuru kwa kuja.

Nililia pale kwenye kisanduku, nasema ukweli. Halafu niliosha uso nikaenda kwa mkuu wa kituo, Bwana Mhagama, nikamuuliza kwa kuzungukazunguka kwamba eti kwenye kata nyingine kukitokea udanganyifu wa watu wengi inakuwaje. Ni mtu mwema na mwoga. Alinieleza bila kuniangalia usoni: kata hiyo inafungiwa vipupwe viwili, lori haliji, na watoto wake wote walioko juu wanashushwa wapimwe upya. Wote, pamoja na wale wenye haki. Kumshusha mtoto aliyezoea hewa ya Kitulo wakati wa kifuniko ni kumuua, na yeye alijua hivyo, akahamia kwenye habari za dari inayovuja. Isangala ilikuwa na watoto thelathini na mmoja juu. Tusa ni mmoja wao, na sitajifanya kwamba hilo halikunigusa.

Kwa hiyo kusema ukweli kulikuwa kunaua, na kunyamaza kulikuwa kunaua. Nilibaki na uongo.

Kuna kitufe kwenye kisanduku, cha njano, ambacho kwa miaka sita nilikuwa sijawahi kukigusa. Kinaitwa marudio. Mpimaji akiitilia shaka namba, ana siku mbili za kukibonyeza, na mtoto anawekwa siku saba kwenye chumba safi cha kituo, halafu anapimwa tena. Namba ikipanda juu ya sitini, ilikuwa ni moshi wa muda tu, na nyumba hiyo inafutwa kwenye orodha daima. Isipopanda, mtoto ni mgonjwa wa kweli, na anapewa kitanda cha kwanza cha lori linalofuata.

Jumatano saa moja asubuhi nilisoma namba ya hewa kwenye spika za kata kama kila siku. Watu walikuwa wanatega masikio ili wajue kama shule zitafunguliwa. Nikawaambia mia tatu na arobaini, hazitafunguliwa. Halafu nikasema kwamba filimbi za kipupwe hiki zina utando mpya ambao unatambua moshi wa blanketi, hata uutie mlingoti wa dunia nzima, na kwamba nyumba itakayobainika haitapanda tena Kitulo, wala mtoto, wala mjukuu. Hakuna utando kama huo. Filimbi ni plastiki na ulimi wa bati.

Ningeishia hapo wangesema natania. Nilijua hilo kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo nikataja jina. Nilisema filimbi imemkamata Bupe wa Subilaga, mtaa wa Ilolo, na kwamba anapelekwa marudio leo hii.

Subilaga alimleta mwenyewe. Alikuwa amemvalisha gauni la kanisani na kumfungia nguo mbili kwenye mfuko. Hakunipigia kelele, na laiti angenipigia.

"Umemtangaza mwanangu kwenye spika," akasema.

Nilimjibu kwamba ni kwa ajili ya wale wengine. Akasema anajua ni kwa ajili ya wale wengine. Alimpa Bupe mfuko, akamwambia amsikilize sista, akaenda zake bila kitambaa usoni.

Alhamisi Ipyana alipanda lori. Baba yake, Asukile, ambaye mikono yake haiachi grisi hata aioshe vipi, alinisimamisha getini akanishika kiganja kwa mikono yote miwili. "Ndaga fijo, sista," akasema, na kwa Kinyakyusa hakuna shukrani kubwa kupita hiyo. Nami nikamwambia asante, nikaingia ndani haraka.

4

Uongo ule ulifanya kazi. Katika siku saba nilipima watoto tisini na sita, na hakuna hata mmoja aliyeshuka zaidi ya alama tatu. Na asubuhi ya pili nilipofungua mlango wa nyuma wa kituo nilikuta mfuko wa magunzi, umefungwa kamba vizuri, hauna jina. Kesho yake miwili. Mpaka wiki inaisha ilifika saba. Nilikuwa naipanga ukutani mmoja mmoja, na nikiwa peke yangu nilikuwa naihesabu tena, nikiwawazia watoto saba ambao sasa walikuwa wanakohoa kikohozi cha kawaida tu.

Bupe alikuwa mgeni mzuri. Chumba safi kina kitanda, dirisha la vioo viwili na mashine ambayo haizimwi, na kwake ilikuwa sikukuu. Alikula, alilala mchana, alichora milima kwa kukisia. Aliniomba kalamu iliyokwisha wino, akatoa mrija wake, akawa anaupuliza saa nzima, anapumzika, anaupuliza tena. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema anafanya mazoezi.

"Ipyana alipuliza vizuri ndiyo akaenda. Mimi siku ile sikupuliza vizuri, ndiyo maana ukaniweka hapa."

Alikuwa ameelewa kinyume kabisa, na mtu mzima mwenye moyo angemsahihisha. Nilitafuta maneno ya kumweleza mtoto wa miaka minane kwamba huku kwetu anayepandishwa ni yule anayeshindwa kupuliza. Nikamwambia asijichoshe.

Nilikuwa na matumaini yangu, nayo yalikuwa madogo. Nilitaka namba ipande. Ikifika hata sitini na tano, nyumba ya Subilaga ingefutwa na angenichukia mpaka kufa, lakini Bupe angekuwa mtoto kama wengine wa Isangala, wa kitambaa puani na saa nne za mashine, na wengi wao wanafika utu uzima. Kila asubuhi niliweka sikio mgongoni kwake. Kila asubuhi nilisikia mchakacho uleule pale chini, upande wa kulia, na nikajiambia ni mashine.

Siku saba zilitimia Jumatano. Subilaga alifika mapema akakaa kibarazani, na alikuwa hajaja peke yake. Walikuja wanawake wa kwa Mama Zawadi, wengine siwajui, na mama yake Ezekia, akiwa bado amevaa kaniki ya msiba. Walikuja kuona kama filimbi inajua kweli.

Nilifunga mlango. Bupe alisimama mbele ya kisanduku amenyoosha mgongo kama nilivyomfundisha, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akapuliza. Sauti ya chini. Akapuliza ya pili na ya tatu, na ya tatu aliipuliza mpaka machozi yakamtoka, na sauti ilikuwa ileile. Kipaza sauti cha kisanduku nilikuwa nimekizima ili walio nje wasisikie. Nilisoma namba kwa macho. Hamsini na sita.

Siku saba za hewa safi hazikurudisha hata alama moja. Ule haukuwa moshi wa muda. Pafu lilikuwa limekwisha kushika kovu, na kwa mujibu wa sheria Bupe alikuwa mgonjwa wa kweli, mwenye kitanda cha kwanza kwenye lori la mwezi ujao. Nilichotakiwa kufanya ni kubonyeza pokea, na kufungua mlango, na kumwambia mama yake.

Na wale kibarazani wangesikia. Wangejua kwamba filimbi hainusi chochote, kwamba blanketi linafika Kitulo, ila linataka mtu mvumilivu, wiki mbili na si moja. Ile mifuko saba ingechukuliwa kabla jua halijazama. Nilisimama hapo nikamuwaza Bupe, nikawawaza wale sita walioharibika nusu, nikamuwaza mwingine wa miaka mitano ambaye sijui jina lake. Nilimuwaza na Tusa kwenye anga yake ya buluu, na kwamba hakuna lolote kati ya haya lililomtaka yeye alipe. Nilitamani awepo mtu wa kumuuliza. Bwana Mhagama alikuwa anatengeneza dari.

Sheria inaruhusu jaribio lifutwe kama mtoto amekohoa katikati. Nilifuta. Kisanduku kikasubiri, kimeandika jina lake na umri wake, miaka minane. Hakijui nani anapuliza, kinajua pumzi tu. Nilichukua filimbi mkononi mwa Bupe nikaipangusa kwa spiriti, na yeye akaniangalia kwa hamu, akidhani namwonyesha namna.

Mimi nina miaka arobaini na mitatu, yote ya hapahapa bondeni. Lakini kwa kipimo cha mtoto hata pumzi ya mtu mzima mgonjwa inatosha. Nilipuliza mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu nikaivuta kutoka chini kabisa ya tumbo mpaka nikaona vimulimuli. Sauti mbili, na ya tatu ikigusagusa. Kisanduku kikaandika sabini na nne, namba yake ileile ya kabla ya blanketi. Nikabonyeza pokea, na Kitulo wakajibu palepale kwamba nyumba imefutwa.

Bupe alipiga makofi. Alisema hajawahi kusikia mtu anapuliza vizuri vile, akanishika mkono, akaniambia asante kwa kumpulizia. Halafu akauliza kama sasa atakwenda.

Nilikuwa nimeinama juu ya meza natafuta pumzi.